Ubongo Niliowafundishia Wazee wa Kijiji

Nisicheke peke yangu, nawashirikisha. Nilikuwa kijana ninayefundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa karibu na Kintinku, na cheti changu kilinivimbisha kichwa. Siku ya somo la ubongo kijiji kilichinja beberu, nikaahidiwa ubongo wake, nikajichukulia bakuli jikoni kwa mwenyekiti. Ubongo nilikuwa nimeuona kwenye picha tu.

Mbele ya darasa, akiwemo baba wa binti niliyetaka kumposa, nikainua vipande viwili vyeupe, laini.

"Nusu ya kushoto huongoza mkono wa kulia," nikasema, "na ya kulia huongoza wa kushoto. Humu ndimo zinamokaa akili zote."

Wazee wakainama, mabega yakitikisika. Nikadhani somo limewaingia.

"Mbona hauna mikunjo kama ule uliouchora ubaoni?" akauliza mmoja.

"Huu ni wa mbuzi, mzee. Hana mengi ya kufikiri."

Mara mke wa mwenyekiti akaingia na bakuli jingine, anahema. "Mwalimu, ubongo ni huu! Hayo uliyoshika ni makende ya beberu, mwenyekiti anayangoja na ugali!"

Darasa likaangua kicheko. Baba wa yule binti akafuta machozi, akanitazama.

"Mwalimu," akasema, "na akili zako wewe zinakaa hukohuko?"