Wavu Uliobaki Umekunjwa

"Baba mdogo, mbona huu wavu mmoja hamuufungui?"

Lusungu aliuliza hivyo akiwa darasa la pili, amekalia wavu wenyewe, pembeni ya matete ya bondeni kwao Ipyana. Ambwene, mdogo wake baba yake, alikuwa anachomeka nguzo za wavu mwingine, jasho likimtiririka. Hakumtazama.

"Shika mbwa," alimwambia.

Siku hizo ukoo mzima uliwinda tohe, swala wa kwenye matete, mara moja kwa mwaka, mpunga ukishavunwa. Kila nyumba ilileta wavu wake wa katani. Matete yalizungushiwa nyavu, vijana na mbwa wakaingia kuswaga, wazee wakasubiri na mikuki. Ila upande wa mtoni haukufungwa. Wavu wa Ambwene, aliourithi kwa baba yake, ulikuja begani, ukakaa umekunjwa, ukarudi begani. Tohe walipiga mluzi wao wa hofu, na wengi, majike na watoto wao, walipenya hapo wakapotelea ng'ambo. Shemeji yake Eliud hakuacha kumchokoza: "Huyu anawinda kama aliyealika wageni. Mlango wazi, mboga hakuna." Watu walicheka. Ambwene naye alicheka, na mwaka uliofuata aliuacha tena umekunjwa.

Kisha likaja katazo. Kuwinda bila kibali ikawa kesi, na kibali chenyewe hakuna aliyejua kinaombwa mlango gani. Nyavu zikapanda darini jikoni, zikawa nyeusi kwa moshi. Tohe ni kama waliambiwa. Walihamia kwenye majaruba, wakala mpunga mchanga mpaka kwenye tope. Ambwene alikwenda ofisi ya wanyamapori kutoa taarifa, akaambiwa pikipiki haina mafuta. Akarudi, akaambiwa mhusika yuko Mbeya. Mwishowe alikuja mtu, akapiga picha kinyesi cha tohe, akamshukuru kwa ushirikiano.

Huku yeye akihangaika na ofisi, watu wasiojulikana walikuwa wanatega waya za breki za baiskeli kwenye matete, na waya hauchagui. Lusungu ndiye aliyekuta jike limenyongwa, mtoto wake bado anazungukazunguka pale. Alipompelekea Ambwene habari, Ambwene alikaa juu ya tuta la jaruba, akachuma majani na kuyatupa, akachuma na kuyatupa.

Mwaka huu, Lusungu akiwa kidato cha tatu, ofisa mpya wa wanyamapori, kijana aitwaye Dickson, aliitisha mkutano kijijini. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia, akawaamkia wazee kwa Kinyakyusa cha kuungaunga. Ambwene alisimama, shati limepigwa pasi, akaomba ukoo wake uruhusiwe kuwinda siku moja tu kwa mwaka, ili tohe wapungue majarubani na wenye waya wajue bonde lina wenyewe.

Dickson alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema ombi anaweza kulifikisha kwa wakubwa, ila watamuuliza jambo moja.

"Mkiwinda, mzee wangu, mnafanyaje ili tohe wasiishe?"

Lusungu alilijua jibu. Mtoto wa shule hanyooshi mkono wazee wakizungumza, kwa hiyo alimsukuma baba yake mdogo kwa macho: sema wavu, sema wavu. Ambwene alikuna shingo. Akatazama viatu vyake.

"Ni desturi tu, bwana," alisema, akakaa.

Dickson alivaa tena kofia. Akasema desturi peke yake haitoshi, wakubwa hawataielewa. Mkutano ukahamia kwenye habari ya viboko wa mtoni.

Wakati wa kurudi Lusungu alikokota baiskeli nyuma ya Ambwene, akiwa na hasira. Alimwambia yote: kwamba jibu lilikuwa pale pale darini, jeusi kwa moshi, kwamba majike yalipita mbele ya macho ya ukoo mzima miaka nenda miaka rudi, kwamba angetamka neno moja tu, wangesikilizwa. Walipofika kwenye daraja la miti, Lusungu akamuuliza tena, safari hii bila mbwa wa kushika: kwa nini ule wavu haukufunguliwa?

"Sijui, mwanangu," alisema Ambwene. "Baba aliuacha umekunjwa, nami nikauacha. Nilimuuliza siku moja, kama ulivyoniuliza wewe."

"Akasemaje?"

"Aliniambia nishike mbwa."