Inchi Tatu za Pindo

Majirani walimbatiza fundi cherehani huyu Bwana Pindo, na hakuwa na haki ya kulalamika. Suruali aliyokushonea ilikuwa na pindo la kutosha suruali nyingine. Ukimuuliza, alikujibu kwamba watoto hukua, na ukimkumbusha kwamba wewe una miaka hamsini, alikutazama kama mtu aliyekata tamaa mapema.

Kwa nguo hakuwa na mpinzani. Kwa matengenezo ya nyumbani, Mungu amsamehe. Mlango wa chumbani aliutengeneza yeye, na familia ikapitia dirishani wiki nzima. Rafu aliyoipigilia ukutani ilidumu mpaka ilipowekewa kitu. Kwa hiyo bomba la maji machafu chini ya sinki lilipopasuka, mkewe hakutaka maneno mengi.

"Baba watoto," alimwambia asubuhi hiyo, ndoo mkononi, "maji yasipopita hapa kabla ya saa sita, nampigia kaka yangu. Na kuanzia leo hutagusa kitu ndani ya nyumba hii isipokuwa cherehani yako."

Kaka mtu alikuwa fundi bomba, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Lakini si kicheko kilichomuuma Bwana Pindo. Kilichomuuma ni kwamba mkewe alikuwa na kila sababu ya kusema vile. Miaka ishirini na tatu ya ndoa, na hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho angeweza kukinyooshea kidole na kusema, hiki nilikitengeneza mimi na bado kinafanya kazi. Alikitaka hicho kimoja tu.

Akapiga moyo konde, akachukua bomba jipya la plastiki. Alianza na kisu cha jikoni. Kisu kikateleza, kikachana kitambaa cha meza alichokishona mwenyewe. Akaleta msumeno wa mbao, wenye meno ya kutosha kuangusha gogo. Bomba likarukaruka, likamponyoka, likabiringika hadi miguuni kwa mkewe, na lilipokatika hatimaye, ncha yake ilionekana imetafunwa na panya. Akarudia, likapasuka kwa urefu. Lililobaki lilitosha jaribio moja tu, na saa ilikuwa nne na nusu.

"Si ujaribu ule mkasi wako mkubwa?" mkewe aliuliza, kwa upole wa kutia wasiwasi.

"Ule ni wa vitambaa. Hata karatasi haugusi, utapoteza makali."

"Kumbe unajua kwamba kila kifaa kina kazi yake."

Bwana Pindo akavaa viatu. Akaenda duka la vifaa la pale mtaani kuuliza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Bomba la plastiki? Hilo ni la msumeno wa chuma, ule wa meno madogo madogo," alisema mwenye duka. "Ila wa mwisho nimeuza jana." Akaitazama tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwa mteja wake. "Wewe si fundi cherehani? Una uzi wa nailoni, ule wa kushonea mabegi? Uzungushe kwenye bomba, uvute huku na huku upesi upesi. Unapata moto, plastiki inayeyuka, linakatika."

Bwana Pindo alidhani anataniwa, lakini alirudi nyumbani mbio. Akalibana bomba kwa goti juu ya kiti, akapima, akapiga alama kwa chaki, akakunja uzi mara mbili, akavuta. Harufu ya plastiki ikajaa jikoni. Punde bomba likakatika, ncha safi kabisa. Akacheza hatua mbili tatu, mtu mzima na mvi zake.

Halafu akaingia chini ya sinki kuliweka. Halikuingia.

"Ulipima?" mkewe aliuliza.

"Nafasi ni inchi kumi na nne."

"Na bomba?"

"Kumi na saba."

"Tatu za nini?"

Bwana Pindo akasukuma kichwa ndani zaidi chini ya sinki. "Za pindo."

"Baba watoto, kwani sinki litakua?"

Mkewe alicheka mpaka akakaa sakafuni, ameshika mbavu.

"Bora refu," alijitetea Bwana Pindo. "Lingekuwa fupi, saa hizi ungekuwa kwenye simu." Akazikata zile inchi tatu kwa uzi, akapaka gundi, akaunganisha, akalishika kwa mikono miwili hadi gundi ilipokauka, utadhani lingetoroka.

Saa sita kasoro dakika tano, mkewe alifungua maji. Bwana Pindo alilala chali chini ya sinki, uso karibu na kiungio, akisubiri tone. Maji yakapita. Tone halikuja. Ndipo akamsikia mkewe akiongea kwenye simu.

"Kaka, njoo nyumbani. Ndiyo, sasa hivi."

Moyo ukamshuka. "Lakini halivuji," alisema kutoka kule chini. "Njoo utazame mwenyewe."

"Najua halivuji," mkewe alijibu. "Ndiyo maana nataka aje aone."

Bwana Pindo hakutoka. Alibaki palepale akilipangusa bomba ambalo tayari lilikuwa kavu, akingoja macho yake nayo yakauke.