Mapigo Mawili ya Mwisho wa Jina Langu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika redio ndogo ya Kasongo, Mkuu wa Ufundi alinivalisha kaske, yaani visikizio vya kufunika masikio, akaniuliza nasikia nini. Nikajibu: mtangazaji, feni, na pikipiki inayopita kule sokoni. Akacheka. "Mama, wewe uko na masikio. Mikono tutakufundisha." Tangu siku hiyo niliringia masikio yangu kama wengine wanavyoringia vitenge.

Miaka ilipita nikiunganisha nyaya na kuuguza mtambo wa kurushia matangazo. Kisha redio ikaacha kanda, ikahamia kompyuta, na Mkurugenzi akaamua mmoja wetu aende chuo kikuu, Kinshasa, akasomee sauti hizi mpya. Akanichagua mimi, mama wa watoto wanne. Wanafunzi wenzangu waliniita Mama Maniema, kwa jina la mkoa wetu, wakakicheka Kilingala changu hadi walipohitaji daftari langu.

Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la kubana sauti kwa kufuata usikivu wa binadamu. Profesa alilieleza hivi: sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo. Anayenong'ona kando ya mashine ya kusaga mihogo hasikiki, basi ya nini kuhifadhi mnong'ono wake? Utupe, faili itakuwa nyepesi na msikilizaji hatajua. Nilifurahi mno. Niliona ni wizi wa heshima kabisa.

Kwa memwari, kile kitabu cha kumalizia masomo, nilichagua ngoma ya baba yangu. Alikuwa mkulima wa kwetu Wamaza, na ndiye aliyeita watu kwa ngoma ya gogo, ile isiyo na ngozi, yenye sauti mbili, nene na nyembamba. Kwetu kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma. Likizoni nilimrekodi akipiga langu. Nikaibana sauti ile mpaka ikawa kitu kidogo kabisa, kisha nikawasikilizisha wenzangu zote mbili, nzima na iliyobanwa. Hakuna aliyetofautisha, wala mimi mwenye masikio. Nikaandika bila wasiwasi: hakuna kilichopotea.

Siku tatu kabla ya kutetea memwari mbele ya walimu, nilituma ile iliyobanwa kwenye simu ya mdogo wangu kule Wamaza, nimfurahishe mzee. Haikuchukua muda, mzee akanipigia.

"Iko nani anapiga hii ngoma?"

"Iko wewe, papa. Unaniita."

"Mimi? Hapana, mama. Huyu mutu anatafuta mbuzi."

Jina langu huishia kwa mapigo mawili ya haraka. Ukipiga moja tu, umetangaza kwamba mbuzi amepotea. Nilikimbilia kompyuta, nikaisikiliza sauti ile polepole. Mzee hakukosea. Mashine hukata sauti vipande vipande, na uchafu wa kubana husambaa katika kipande kizima, hata kabla ya pigo lenyewe. Uchafu huo ulikuwa umeziba upenyo kati ya mapigo yangu mawili, yakawa moja.

Niliogopa, siwafichi. Mkurugenzi alikwishatangaza Kasongo nzima kwamba narudi na diploma. Watoto wangu walikuwa wakihesabu siku. Na Kinshasa yote hapakuwa na mtu wa kugundua. Nilitamani sana kunyamaza, lakini nilichokiandika kilikuwa uongo, tena juu ya jina langu mwenyewe.

Kesho yake nilimwendea Profesa, nikamweleza yote. Alicheka hadi akavua miwani.

"Mama Maniema, uliwauliza akina nani?" aliniuliza kwa Kifaransa.

"Wanafunzi, Profesa."

"Wanaielewa ngoma hiyo?"

"Hawaielewi."

"Basi uliwauliza viziwi."

Akaniahirishia hadi awamu ya pili ya mitihani. Watoto walilia kwenye simu, nami nikalia nao. Kisha nikarudi kwenye kompyuta. Palipokuwa na mapigo nilikata vipande vifupi zaidi, na safari hii msikilizaji wangu alikuwa papa. Mara ya nne akasema, "Sasa iko wewe. Kuja kula." Diploma nikaipata.

Nimestaafu juzijuzi. Vijana niliowafundisha wanajua kwamba kabla ya kutupa sauti yoyote nilikuwa nikiwauliza: mwenyewe mmemuuliza? Papa hayupo tena. Masikio yangu nayo yamechoka, hata nyenje siwasikii, na wajukuu wananitania kwa hilo.

Siku ya kuniaga redioni, vijana walitaka kunishtukiza. Walichimbua ngoma ya papa kwenye kompyuta yangu ya zamani, wakairusha hewani. Nilikuwa nimekaa na soda mkononi. Walikuwa wameokota ile mbovu, na masikio haya haya, yaliyoshindwa kule Kinshasa nikiwa kijana wa kutosha, yakalisikia pigo lisilokuwepo. Kasongo nzima ilikuwa inasikia baba yangu akitafuta mbuzi.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Nikasimama, nikaingia studio, nikavuta maikrofoni.

"Papa," nikasema, "mbuzi iko hapa."