Mlinzi wa Tundu la Tangi

Kazi ya Mama Pete ilikuwa kukaa. Wenzake walichomelea, walifungua mabomba, walipanda ngazi hadi kizunguzungu, na yeye alikaa kwenye kigoda cha plastiki mbele ya tundu lililokatwa ubavuni mwa tangi, mviringo wa chuma ambao mtu mzima huupita kwa kuinama na kutanguliza mguu mmoja. Kutwa nzima alitazama gizani. Kila aliyeingia humo alimkabidhi kwanza pete, saa na simu, vitu ambavyo cheche yake moja ingewamaliza wote, naye akavitia katika mfuko wa ovaroli na kuvuta zipu. Ndiyo maana akaitwa Mama Pete. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho cha shingoni, ambacho hakuna aliyejisumbua kukisoma.

Fundi mmoja mrefu, aliyeitwa Supana, hakuwahi kupita bila kumchokoza.

"Mama Pete, leo tundu limejaribu kukimbia?"

"Lilijaribu. Nikaliambia wewe unakuja, likajificha."

Watu hutia petroli kwenye pikipiki zao wakidhani imezaliwa hivyo, safi na nyepesi. Inaletwa kiwandani ikiwa mafuta ghafi, meusi na mazito, yanalazwa kwenye matangi, yanasukumwa tanuruni, yanapanda mnara yakiwa mvuke. Juu kabisa inachukuliwa gesi, chini yake petroli, kisha mafuta ya taa, kisha dizeli, na lami inabaki chini. Hayo ndiyo wageni huonyeshwa. Hawaonyeshwi tope linalojikusanya miaka na miaka chini ya matangi ya mafuta ghafi, mpaka siku tangi linakaushwa na watu wanaingia na makoleo kulitoa. Tope hilo limefungia gesi yake tumboni. Mwanzo inanuka yai bovu. Ikizidi hainuki tena, kwa sababu imeshaua pua, na baada ya pua inamgeukia mwenye pua.

Kaka yake Mama Pete alikuwa mlinzi wa tundu kabla yake. Alimwona rafiki yake ameanguka ndani, akaingia kumtoa. Wa tatu akaingia kuwatoa hao wawili. Jioni walilazwa wote chini ya turubai moja. Baada ya msiba huo kiwanda kikaweka sheria mbili: mlinzi haingii ndani hata iweje, na mlinzi halindi ndugu yake. Kibarua kilipotangazwa, dada mtu akakiomba. Majirani walisema amerukwa na akili. Yeye alitaka tu kuwa mahali pale kaka yake aliposhindwa kubaki.

Wageni wa kazi aliwafunda mwenyewe. "Nikikuona umeanguka, napiga honi. Siingii. Ukitaka mtu wa kukufuata, njoo na malaika wako." Walicheka kwa adabu, macho yakiwa kwenye lile tundu.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na binti huyo katika vijana wote wa mji akampenda msafisha matangi. Mama alimeza maneno yake. Mkwe mwenyewe alikuwa mpole, mchapakazi, hana makuu. Kiwanda kilipozimwa kwa matengenezo, ikajulikana kwamba kesho yake vijana wangeingia kwenye tangi kubwa kuliko yote, lile lililokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Binti akaja kwa mama yake, akamkuta jikoni anaosha sufuria.

"Mama, kesho ukae wewe pale."

"Siruhusiwi. Ni mkwe wangu."

"Msimamizi atajuaje? Majina yenu hayafanani."

"Mimi najua."

"Mama, nakuomba. Nikijua ni wewe uko pale, roho yangu itatulia."

Alipaswa kukataa palepale. Lakini maneno yale yalimwingia, na tuseme ukweli, yalimvimbisha kichwa kidogo. Nani mwingine alikuwa na macho kama yake? Yule mlinzi mwenzake alikuwa akisinzia hata akisimama. Akafuta mikono, akasema sawa.

Asubuhi msimamizi aliuliza swali la kila siku. "Kuna ndugu yako humu?"

"Hamna," alisema Mama Pete. Neno lilitoka bila kujikwaa.

Mkwe aliingia wa mwisho. Pete ya ndoa iligoma kutoka, akailowesha mate, akamkabidhi kwa mikono miwili kama anavyokabidhiwa mkwe.

"Kamba hii ya kukuvutia nje usiifungue kiunoni," Mama Pete akamwambia kwa sauti ya chini.

"Siifungui, mama."

Kipima gesi kilisema pako salama. Feni kubwa ilivuma. Ndani, taa za kofia zilicheza huku na huku kati ya nguzo, na makoleo yakakwangua. Ganda la juu la tope lilikuwa gumu, na kila lilipobanduliwa harufu ya yai bovu ilichungulia na kurudi. Mama Pete aliizoea harufu ile kuliko manukato. Alikuwa ameshika ncha ya kamba ya mkwewe, jicho halibanduki kwenye taa yake, na yawezekana ndiyo sababu alichelewa kugundua. Makoleo bado yalikuwa yanakwangua, na harufu ilikuwa imekwisha.

Akapiga honi. Vijana wawili walitokeza mbio, wakaanguka nje wakikohoa. Wa tatu hakutokeza. Akavuta kamba kwa nguvu zake zote, nayo ikaja kirahisi, ndoano tupu ikigongagonga sakafuni. Kamba ilikuwa imenasa kwenye nguzo, na mkwe akaifungua ili amalize kazi.

Alimwona. Alikuwa amepiga magoti karibu na nguzo, uso umeelekea kwenye mwanga wa tundu. "Mama," aliita, si kwa kelele. Kisha akakaa. Kisha akalala ubavu, taa yake ikimulika tope.

Hapakuwa mbali. Hilo ndilo lililomtesa, kwamba hapakuwa mbali. Mguu wake mmoja ulikwishapanda kwenye ukingo wa tundu wenyewe, bila kuamriwa. Akaugeuza. Akajipachika ndani ya mviringo ule, mgongo upande huu, buti upande ule, akaziba njia kwa mwili wake mzima. Supana alikuwa anakuja mbio.

"Toka, mama, nimtoe."

"Hupiti."

"Huyo si mkweo? Mimi nilikuja harusini."

"Namjua ni nani. Hupiti."

Supana akamkamata mkono amng'oe. Mama Pete akamuuma, meno yakazama. Alilia akiwa amemuuma hivyo, na hakumwachia mpaka kikosi cha uokoaji kilipofika na mitungi ya hewa mgongoni. Walimtoa mkwewe akiwa wa bluu midomoni.

Hakufa. Alilazwa hospitali, akarudi nyumbani na kikohozi, na mikono inayotetemeka, na maneno ambayo yalikuwa yake na sasa anayatafuta. Kiwandani walimsifu Mama Pete hadharani, kisha wakamsimamisha kazi faraghani kwa lile "hamna" alilomjibu msimamizi. Supana alionyesha watu alama ya meno bila mzaha wowote.

Pete ilikuwa bado mfukoni mwake. Akaipeleka kwa binti yake. Binti alifungua mlango nusu, akasimama katikati.

"Anasema alikuona," binti akasema. "Alikuwa anakutazama, na wewe unamtazama."

"Kweli."

"Akakuita."

"Nilimsikia."

"Unajua kwa nini nilikuomba ukae wewe?"

"Kwa sababu macho yangu hayalali."

"Mlinzi yeyote ana macho, mama. Nilikuomba wewe kwa sababu nilijua wewe utaingia."

Ndani, mtu alikohoa kwa muda mrefu. Mama Pete akamkumbuka kaka yake chini ya turubai, akaona kwamba hakuna la kusema ila ukweli.

"Mwanangu, hata ungekuwa wewe ndiye umelala pale, nisingeingia."

Binti alimtazama, kisha akaipokea pete kutoka kiganjani mwa mama yake bila kumgusa.

"Sasa nimejua," akasema. Akaurudisha mlango, na Mama Pete akasikia komeo likisukumwa.