Plasta Juu ya Taa ya Dizeli

Kuna asubuhi moja ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na leo nimeona nikusimulie kwa kuwa nimesikia umejinunulia gari la dizeli, lile refu, lililotoka mikononi mwa mtu mwingine. Hongera sana. Gari ni miguu. Lakini keti kwanza, weka hizo funguo mezani. Mimi na wewe hatuna haraka.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa muuguzi katika zahanati ndogo pale Mbita, kando ya ziwa, na watu wote waliniita Sista, hata walionizidi umri. Katika ukoo wetu mimi ndiye mwanamke wa kwanza kushika usukani wa gari lake mwenyewe. Lilikuwa jeupe, la dizeli, na watu wawili walikuwa wamelitumia kabla yangu. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba limefanyiwa sevisi juzi tu, oili mpya, filta mpya, na kwamba kazi yangu ni kutia mafuta na kwenda zangu. Nikamwamini. Nani asiyependa kuambiwa kuwa kazi imeshafanywa?

Kila Jumamosi nililipeleka ufukoni likaoshwa mpaka nikajiona uso mlangoni. Viti nilivishonea vitambaa vya maua. Ila boneti, mwanangu, sidhani kama niliifungua mara mbili tangu siku niliyolinunua. Asubuhi niliwasha, injini ikanguruma, nikahesabu kuwa ni nzima. Dizeli nayo nilinunua popote, mara nyingi kwa wale waliouza kwa mitungi karibu na mashua, maana kituo cha mafuta kilikuwa na foleni na mimi nilijiona mtu wa shughuli nyingi.

Basi ikaja taa. Taa ndogo ya manjano, mbele ya usukani, karibu na mshale wa mafuta. Siku ya kwanza iliwaka ikazima. Siku ya tatu iliwaka ikabaki hivyo. Jirani yangu mmoja aliyekuwa dereva aliniambia kwamba hiyo ni ya filta ya dizeli, kuna maji yamekusanyika chini yake, nitafute fundi ayamwage, kazi yenyewe haizidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikasema nitakwenda Jumatatu. Jumatatu ikapita pamoja na wiki yake, na nyingine ikafuata. Ile taa ikawa inanikera macho. Siku moja nikatoa plasta kwenye mfuko wa koti langu la kazi, nikakata kipande, nikakibandika juu yake. Nikatulia.

Unacheka. Cheka tu, hata mimi huwa nacheka. Lakini fikiria kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiwakaripia kina mama kila siku kwa kukaa nyumbani na mtoto mwenye homa. Mficha maradhi, kifo humuumbua; nilikuwa nikilisema hilo kwa sauti kubwa mbele ya benchi zima la wagonjwa.

Sasa, mama yangu alikuwa na dada mmoja tu, mama mkubwa Rusila. Mama yao alifariki wakiwa wadogo, na Rusila ndiye aliyembeba mama yangu mgongoni pale Rusinga mpaka akajua kutembea. Baadaye Rusila aliolewa mbali, kwa mkulima Mkuria wa Ntimaru, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Watu wa kwetu walinung'unika wakachoka. Yeye alilima, akazaa, akajifunza lugha ya huko, na kila alipokuja kututembelea alilala kitanda kimoja na mama, wakanong'ona mpaka kukapambazuka.

Alhamisi moja jioni, binti yake, Robi, alipiga simu. Akaniambia kwamba pumzi ya mama yake imekuwa fupi, kwamba amekataa kurudishwa hospitali, na kwamba anamtaka mdogo wake. Ana neno la kumwambia, na amekataa kulisema kwenye simu.

Mama aliposikia alitaka kwenda stendi alfajiri, apande matatu ya kwanza. Nyonga yake ilikuwa mbovu, hata ngazi tatu za kanisa zilikuwa mlima kwake. Nikamwambia mtoto wake ana gari, atakwenda ameketi mbele kama chifu. Mama akanitazama kwa furaha ambayo hata leo nikiikumbuka nainamisha kichwa.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri. Mapajani mama alikuwa na kifurushi cha obambla, samaki aliyepasuliwa na kukaushwa juani, kwa kuwa dada yake hakuwahi kuzoea kuishi bila harufu ya ziwa. Tukapita Homa Bay, tukapita Rongo, naye njia nzima ananisimulia habari za Rusila. Tulipofika Migori, gari likaanza kukohoa kila nilipokanyaga mafuta. Nililisikia vizuri. Nikaongeza sauti ya redio. Tukashika barabara ya Isebania, tukakata kuelekea Kehancha, na tulipoipita Kehancha, kwenye mwinuko mmoja, gari likalegea kama mtu aliyebeba gunia kupita nguvu zake. Likatikisika mara mbili, likazima.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Niliwasha, likakataa. Niliwasha tena na tena mpaka mama akanishika mkono akasema niache, nitaliua kabisa. Karibu hapo palikuwa na duka moja, na mwenye duka alimtolea mama kiti na kikombe cha uji bila kuuliza tunatoka wapi. Matatu moja tu ndiyo iliyopita, imejaa mpaka mlangoni, maana ilikuwa siku ya soko. Bodaboda zilikuwepo, lakini kwa nyonga ile asingeweza.

Mwenye duka akamwita fundi. Alikuwa Mzee Marwa, mtu wa mvi, mwembamba, mwenye kuongea polepole. Alifungua boneti, akatazama kwa muda bila kugusa kitu, kama daktari mzuri anavyomtazama mgonjwa kwanza. Kisha akaomba chupa tupu ya soda. Akalegeza kizibo kilicho chini ya filta ya dizeli, akakinga, akainua chupa kwenye mwanga. Juu palikuwa na dizeli, unene wa kidole kimoja. Yote yaliyobaki yalikuwa maji, ya rangi ya kutu.

Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akanionyesha: nyeusi kama lami, na haikufika hata alama ya chini. Akatoa filta ya hewa, akaigonga kwenye tairi, likatoka wingu la vumbi la barabara zote nilizopita tangu ninunue lile gari. Nikajitetea kwamba aliyeniuzia alisema limefanyiwa sevisi.

"Aliyekuuzia ameshakwenda," akasema. "Gari ukilinunua leo, sevisi yake inaanza leo."

Akaingia ndani kugeuza ufunguo, na hapo akaiona plasta. Aliibandua kwa ukucha. Chini yake ile taa ilikuwa inawaka, ya manjano, imetulia. Akauliza nani aliyebandika. Nikasema ni mimi. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema mimi ni muuguzi. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akatazama upande alioketi mama, kisha akapunguza sauti ili mama asisikie.

"Binti yangu, mgonjwa akikulilia, huwa unamziba mdomo?"

Mwanangu, nimewahi kutukanwa na walevi na kufokewa na wakubwa kazini. Hakuna neno lililoniingia kama lile.

Filta ya zamani haikufaa tena, ilikuwa imejaa kutu. Kijana wa bodaboda akatumwa Kehancha kuleta mpya. Akaja na isiyotoshea, akarudi tena. Mzee Marwa aliisukuma dizeli kwa mkono ili hewa itoke kwenye mipira, akaongeza oili, nalo jua linazidi kusogea. Mama aliketi pale dukani na kifurushi chake. Aliniuliza mara moja tu, "Bado?" Nikamjibu kwamba ni karibu. Hakuuliza tena.

Tulifika Ntimaru saa kumi. Robi alitupokea mlangoni, akamkumbatia mama kwa muda mrefu, ndipo akaeleza. Mama yake alikuwa ameulizia gari tangu alfajiri, kila mlio wa injini aliinua kichwa. Saa saba alisema amechoka, akalala, na tangu hapo hajatamka neno.

Mama alivua viatu, akapanda kitandani kwa shida na nyonga yake ile, akalala ubavuni mwa dada yake kama walivyozoea. Akamnong'oneza kwa Dholuo, lugha yetu. Rusila alifungua macho, akamtazama, akamtambua, hilo nina hakika nalo. Midomo ilisogea. Sauti haikuja. Alikaa hivyo mpaka Jumapili asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa mama, kisha akatutoka.

Lile neno alikwenda nalo. Robi alijua kitu kimoja tu, kwamba lilikuwa jambo la utotoni, kwa sababu kila mama yake alipoligusia alianza kwa kucheka.

Msibani niliwaambia watu wote kwamba gari liliharibika njiani, nikilisema kama mtu anavyosema mvua ilinyesha. Walinipa pole. Mama naye alikaa pale akasikia, akatikisa kichwa kukubali. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Mimi nilichelewa, na aliyelipa ni mama.

Miezi ikapita. Nilishajifunza kuyamwaga yale maji mwenyewe. Mzee Marwa alinionyesha siku tuliporudi kutoka msibani, nami nikawa nayamwaga kila mwisho wa mwezi, nimepiga magoti, nimeshika chupa. Siku moja mama akaleta kigoda chake akaketi karibu kunitazama. Sijui ni nini kilichonisukuma. Nikamwambia yote, mikono ikinuka dizeli: taa, jirani dereva, Jumatatu zile, plasta.

Mama alisogeza kigoda chake karibu zaidi. Kisha akasema, "Nyathina, ile plasta niliiona kabla hatujafika Homa Bay. Nikadhani gari lina kidonda, na kwa kuwa wewe ni muuguzi, umelifunga."

Nilicheka, mwanangu, nikacheka mpaka nikalia, na kilio kikawa ndicho kilichobaki. Aliniacha nimalize. Nyathina kwa kwetu ni mwanangu, na aliendelea kuniita hivyo akinipapasa kichwani.

"Sikukukasirikia," akasema. "Kila kitu huchoka, hata mimi nimechoka nyonga. Lakini ulijua kwamba gari linaumwa, ukalijua peke yako. Ungeniambia asubuhi ile, tungepanda matatu."

Kisha akaniambia niendelee na kazi, maji yasibaki mle.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na uishike. Gari ulilonunua usiliamini kwa maneno ya aliyeuza, hata kama ni mtu mwema. Wiki hii hii lipeleke kwa fundi anayeheshimu kazi yake, amwage oili yote ya injini na kutia mpya pamoja na filta yake. Filta ya dizeli abadilishe, na ya hewa pia. Aangalie oili ya gia na ya difu, mafuta ya breki, na maji ya rejeta yaliyo na dawa yake, si maji matupu ya ziwa. Kisha nunua daftari dogo, uandike umeyafanya lini na gari limesoma kilomita ngapi, maana kichwa cha mwenye shughuli husahau. Asubuhi kabla hujawasha, injini ikiwa baridi na gari limesimama mahali tambarare, chomoa kile kijiti utazame. Rejeta usiifungue ikiwa moto. Nimefunga mikono mingi iliyoungua kwa pupa hiyo. Dizeli nunua mahali unapopajua. Na maji ya filta jifunze kuyamwaga wewe mwenyewe, usione haya kupiga magoti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta, mwanangu, ambazo hata ukizijenga kwa miaka hazirudishi kilichotoka kwenye ule ufa.

Na juu ya hayo yote, kitu kikikuashiria, gari au mwili wako au mtu wa nyumbani mwako, kitazame siku hiyo hiyo. Kama huwezi kukirekebisha, kiseme. Mwambie uliyempakia, ili naye achague njia yake. Kuharibikiwa si aibu. Aibu ni kumkalisha mtu mbele kama chifu huku unajua jambo ambalo yeye halijui.

Haya, chukua funguo zako. Mungu akutangulie katika kila kona na kila mwinuko. Akupe fundi mkweli na jirani mwenye kukuonya, na masikio ya kumsikia. Akujalie ufike kwa kila anayekungoja angali na sauti ya kukuita jina lako, na wewe ungali na muda wa kuketi naye mpaka amalize kucheka, akuambie neno lake.