Rimoti Mbili za Nyumba Moja

Naikumbuka siku ile kwa mvua yake, mwanangu. Wewe umekulia hapa Tukuyu na mvua huihesabu kuwa habari, lakini ile ilikuwa ya kupiga bati mpaka watu mnaongea kwa mikono. Nilikuwa Ikuti, sebuleni kwa Mzee Ambilikile, nimepiga magoti nyuma ya televisheni yake, bisibisi mdomoni. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na nilijiona fundi ambaye Rungwe nzima ilikuwa bado haijampata. Siku hiyo nilimharibia mzee yule kitu ambacho sikuweza kukitengeneza tena, na wala sikukivunja kwa bisibisi.

Nawasimulia ninyi mnaoanza ufundi kwa sababu nawaona. Mteja hajamaliza kueleza, mmeshampa jibu. Nilikuwa hivyohivyo, tena labda kuwazidi.

Babu yangu alikuja huku kutoka pwani kushona kanzu. Mimi nimezaliwa Msasani ya hapahapa Tukuyu, nimesoma na Wanyakyusa, nimeoa Mnyakyusa. Nalisema hili mapema ili usije ukanitetea kwamba nilikuwa mgeni wa mila za watu. Nilizijua vizuri sana.

Mzee Ambilikile alikuwa na chai yake na migomba yake kama wenzake wote wa Ikuti, lakini heshima yake ilitoka kwingine. Alikuwa mzee wa kanisa, na katika baraza lao yeye ndiye aliyekaa na watu wenye ugomvi. Mke na mume hawaelewani, ndugu wanagombea mpaka wa shamba, wote walipelekwa kwake. Hakuwa msemaji. Alichojua ni kukaa kimya, kumsikiliza huyu mpaka amalize, kisha kumsikiliza yule. Alikuwa akisema kwamba kazi nyingine zote anafanya ili ale, lakini ile anaipenda.

Basi kijana wake aliyekuwa Dar es Salaam akamtumia king'amuzi kinachorekodi, vile ambavyo unarekodi kipindi leo ukakitazama utakapopenda. Mzee alikuwa analala mapema, taarifa ya habari ilikuwa inampita. Sasa ikawa inarekodiwa, anaitazama kesho yake mchana akitoka shamba. Nilikwenda mwenyewe kukifunga: waya wa njano wa picha, nyekundu na nyeupe za sauti, nikajaribu, ikaimba. Mwezi haukuisha wakaniita. Sauti imepotea.

Ndiyo siku hiyo ya mvua. Nilichomoa waya nikazichomeka upya, nikazibadilisha kwa nyingine nilizokuja nazo, hali ileile. Nikamwomba mzee rimoti ya televisheni. Akaitoa mfukoni mwa koti, ilikokuwa inakaa pamoja na miwani yake. Nikabonyeza kuongeza sauti mpaka namba ikafika mia kwenye kioo.

"Mzee, hapa ndiyo mwisho wake," nikamwambia. "Imejaa."

"Mbona mimi sisikii, fundi? Naona mdomo tu unacheza."

Yeye alikuwa kwenye kiti chake, ukutani upande wa pili wa sebule. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwenye spika, namsikia mtangazaji kwa mbali. Nilikuwa nimelowa, nataka kuwahi gari la kurudi mjini, na kitu kilichonichosha zaidi ni kwamba sikujua tatizo liko wapi. Nikacheka kidogo, nikasema, "Mimi nasikia, Mzee. Chombo ni kizima. Labda tuanze kuangalia masikio."

Alirudisha rimoti mfukoni, akasema, "Ndaga, fundi," yaani asante kwa Kinyakyusa, akaniagiza nisiondoke bila chai. Niliondoka bila chai.

Zilipita kama wiki sita. Asubuhi moja mkewe, Mama Gwakisa, aliingia dukani kwangu na kitenge chake cha safari. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba ya haraka, bila kuketi.

"Wewe ndiye uliyemwambia mume wangu ni kiziwi?"

"Mama, mimi nilisema labda."

"Hiyo labda uliisahau hapa dukani. Kule kwetu ilifika bila labda."

Akanieleza. Mzee alikuwa ameacha kujibu watu. Akiitwa mara moja asiposikia, anasema mnaona, fundi alisema. Na nani kati yetu huwa anasikia kila anapoitwa? Kila neno lililompita, ambalo zamani lisingemshughulisha, sasa alilichukua kuwa ushahidi. Jirani walipomkuta, yeye mwenyewe aliwaonyesha sikio na kutikisa kichwa. Habari ikazunguka Ikuti yote.

"Lakini jana," Mama Gwakisa akasema, "nimekaa jikoni na jirani yangu tunamsema kwa sauti ya chini. Yeye yuko uani anasuka kamba. Nikasikia anacheka. Sasa wewe fundi niambie, kiziwi gani anacheka umbea wa jikoni?"

Nikafunga duka, tukaenda.

Siku hiyo jua lilikuwa linawaka, bati limetulia. Mama Gwakisa akaifungua taarifa ya habari kwa rimoti nyeusi ya king'amuzi. Alijua vitufe vitatu tu vya rimoti ile, vingine hakuvigusa. Mara hii nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo: nikamwomba mzee aniazime kiti chake. Nikakaa. Namba iko mia, hakuna mvua, mimi kijana mwenye masikio mazima, na sikusikia kitu!

Nikauliza, "Mama, ukiacha ninyi wawili, nani mwingine huwa anatazama?"

"Mkamwana wetu, Bupe, sisi tukiwa shamba. Anarekodi masomo ya ushonaji."

Nikaomba nizungumze naye. Mama Gwakisa akanitazama tu, nami nikakumbuka. Nyumba ile ilishika mila. Mke wa mtoto wao haketi sebuleni baba mkwe akiwemo, hamtazami usoni, hata jina lake halitamki. Ni heshima, na wao waliishi nayo bila shida. Mimi mwenyewe nilishamwona mama yake mke wangu akiacha njia na kuingia migombani ili baba mkwe wake apite. Nililijua jambo lile miaka yote na halikunijia akilini hata mara moja.

Bupe alikuwa nyuma ya ukuta, jikoni, na alikuwa anasikia kila kitu. Sauti yake ikatoka kidogo kidogo, anamwambia mama mkwe.

"Mama, mwambie fundi mimi nikiwasha nakuta sauti kali mno, mtoto anaamka. Napunguza. Ile rimoti nyingine mama anajua inakaa wapi, siwezi kwenda kuichukua. Kwa hiyo napunguza kwa hii nyeusi."

Ndipo nikaelewa, mwanangu, na natamani uelewe na wewe. Sauti ya mashine hizi zikiungwa pamoja inaongozwa mahali pawili. King'amuzi kina sauti yake, na televisheni ina yake. Kinachotoka kwenye king'amuzi kikiwa kidogo, televisheni utaipandisha mpaka mia na utapata mia ya kitu kidogo. Mzee alikuwa anapandisha kwa rimoti ya mfukoni. Mkamwana anakuta kelele, anashusha kwa ile nyeusi. Mzee akirudi hasikii, anapandisha tena. Walisukumana hivyo siku baada ya siku, watu wawili wanaoheshimiana kiasi cha kutosemezana, mpaka televisheni ikafika mwisho kabisa wa kupanda na king'amuzi kimebaki karibu na mwisho wa kushuka.

Nikachukua rimoti nyeusi, nikabonyeza kuongeza, na kwa furaha ya kugundua nikasahau kushusha kwanza ile ya televisheni. Mtangazaji akapiga ukelele kama wa mtu aliyekanyagwa. Vikombe vikalia mezani, mtoto akaangua kilio jikoni, na Mzee Ambilikile, kiziwi wangu, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Nilipopunguza, alikuwa bado ameyaziba. Kisha akashusha mikono taratibu.

"Kwa hiyo masikio yangu?"

"Mazima, Mzee. Yalikuwa mazima siku zote. Nisamehe."

"Jumapili nimesimama mbele ya kanisa," akasema. "Nimewaambia asiyesikia hawezi kuamua ugomvi wa watu. Wameshamweka mwingine."

Nikamwambia nitakwenda kuwaeleza, hata leo hii, mmoja mmoja.

"Utawaeleza nini? Kwamba ni limoti?" Ndivyo alivyolitamka, na hakuwa anatania. "Wale waliomchagua mwenzangu wamemwombea. Yeye ni mtu mzuri. Nimwondoe kwa neno gani?"

Nilitamani anitukane. Badala yake akaniuliza kwa upole kabisa, "Siku ile hukujua tatizo ni nini. Si ndiyo?"

"Ndiyo, Mzee. Sikujua."

"Basi ungesema hujui. Ningekupa chai, ungerudi kesho."

Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akatoa ile rimoti ya televisheni, akaiweka mezani kando ya nyeusi. Akamgeukia mkewe, lakini sauti aliipeleka mpaka jikoni. "Mwambie mama wa mtoto hana kosa. Na hizi zitakaa hapa, zote mbili."

Kule nyuma ya ukuta Bupe alikuwa analia, au anacheka, sikuweza kujua. Mimi nilikunywa chai yangu nimeinamisha kichwa.

Ungependa nikuambie yaliisha vizuri. Televisheni ilipona, hilo kweli. Lakini miaka kadhaa baadaye nilialikwa harusi Lupepo nikamkuta mzee amekaa viti vya mbele. Nilipokuwa naelekea kumsalimu, bwana mmoja akanishika mkono na kuniambia, "Ongea kwa nguvu, yule mzee hasikii." Yeye mwenyewe akainama akampigia mzee kelele sikioni kwamba chakula kinakuja. Mzee Ambilikile akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Nikapiga magoti karibu yake, nikasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, fundi," akajibu, chini vilevile. "Waache. Nimechoka kuwakatalia."

Niliumia siku ile kuliko ninavyoweza kukueleza. Kanisani walimpigia kelele, sokoni walimpigia kelele, na wenye ugomvi hawakurudi tena kwake, mpaka alipofariki. Kuna waya gani ningechomoa?

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, nami naisema waziwazi. Ukiitwa kwa sauti iliyopotea, angalia kama haijanyamazishwa. Angalia sauti ya kila mashine kwa rimoti yake, na ushushe moja kabla hujapandisha nyingine. Kaa kwenye kiti cha mwenye nyumba usikie anachosikia yeye. Uliza nani wengine wanakitumia chombo, hasa yule ambaye hayuko sebuleni, na kama mila haimruhusu kuja kwako, tafuta mtu wa kukuletea maneno yake. Haya yote utayasahau na utayakumbuka tena, hayanitishi. Linalonitisha ni pale utakapokuwa umejaribu yote na umeshindwa, mteja anakutazama, na wewe una aibu. Hapo ndipo kosa la chombo huwa tunalihamishia kwa mtu. Usilihamishe. Sema sijui, mwanangu. Ni neno dogo, na mteja atakusamehe kabla hujafika mlangoni.

Mungu aibariki mikono yako, iingie katika nyumba za watu na kutoka bila kuacha jeraha. Akupe wateja wa kukuvumilia, na akupe ujasiri wa kusema hujui ungali na nafasi ya kurudi kesho. Amina.