Dari za Dunia, Mchanga wa Temeke

Watu wakisikia nimezunguka dunia hukaa mkao wa kula. Wanataka niwaeleze majumba marefu, theluji, na wanawake wa huko walivyo. Mie dunia naijua kwa dari zake. Dari ya Santos, Brazili, ilikuwa na pangaboi lililopinda bawa moja. Ya Lizboni ilivuja maji, likabaki doa la rangi ya chai. Ya Durban ilikuwa bati tupu, na mchana unachemka. Nilizisoma vizuri kwa sababu kila mji niliofika nilikuwa nimelala chali na mtu kanikalia kifuani. Hiyo ndiyo jujitsu ya Kibrazili, na ndiyo iliyonitoa Temeke ikanizungusha kote huko.

Niliondoka miaka ile ya ruksa ya biashara, wakati Temeke nzima iliamka asubuhi moja ikajikuta ni wafanyabiashara. Huyu anauza mitumba, yule kageuza sebule ya mkewe kibanda cha video, wa tatu anachonga funguo na kutabiri nyota. Mie sikuwa na cha kuuza, nikapata kazi ya kuosha masufuria kwenye meli ya mizigo. Kabla sijaondoka nilimwambia binti mmoja wa mtaa wa pili, fundi cherehani, kwamba natoka kidogo tu, asikubali posa ya mtu. Akakubali. Tulikuwa vijana, tuliamini neno kidogo.

Meli ikaharibika Santos. Tukakaa bandarini wiki baada ya wiki tukingoja kipuri, na mie sina la kufanya isipokuwa kutembea. Siku moja nikasikia vishindo ghorofani juu ya duka la samaki. Nikapanda, nikakuta wanaume watu wazima wamevaa makoti meupe mazito, wanagaragazana sakafuni wawili wawili bila aibu. Mwalimu wao alikuwa mfupi, masikio yamevimba kama maandazi. Akanionyesha kwa ishara niingie.

Sasa mie Temeke nilikuwaga mtu wa mieleka. Si bingwa, lakini walionijua walinijua. Nikavua viatu, nikamshika yule mwalimu kiuno, nikamtupa chini mgongo ukalia puu. Nikanyanyua mikono juu, nikaanza kuzunguka chumba nikipokea pongezi. Pongezi hakuna. Watu wananitazama kama mgeni aliyekosea nyumba ya msiba. Kugeuka, mwalimu bado kalala chini palepale, anatabasamu, ananiita kwa kidole nimfuate.

Kwetu mgongo ukigusa mchanga, mchezo umekwisha. Aliyeangushwa anajikung'uta, mnashikana mikono, mnakwenda kunywa maji. Kwao mgongo ukigusa chini ndio kwanza mchezo unaanza. Nilimfuata yule bwana, akanizungushia miguu kiunoni, sijui alifanyaje, nikaona giza. Nilipozinduka walikuwa wananipepea. Wakanifundisha kwamba ukibanwa unapiga mkeka kwa kiganja, mwenzio anakuachia papo hapo, na hakuna anayekucheka. Nilipenda sana habari ile. Meli ilipopona ikaondoka bila mie.

Ndivyo nilivyoizunguka dunia. Nilisugua mikeka asubuhi, nikafundishwa jioni, usiku nikalala juu ya ileile niliyoisugua. Mwenzetu mmoja akifungua chumba cha mazoezi Lizboni, namfuata, nasugua ya Lizboni. Mwingine akihamia Durban, haya, Durban. Watu huzunguka dunia wakaona makanisa na masoko. Mie ukinifunga kitambaa machoni nitakwambia mji kwa harufu ya jasho la watu wake.

Kushinda sikushinda. Hili nalisema wazi kwa kuwa watu hudhani mtu hawezi kukaa nje miaka yote hiyo asishinde. Kila mashindano niliingia, kila mashindano nilitolewa mapema, mara nyingine kabla hata kahawa ya waamuzi haijapoa. Kila nikitolewa nasema yajayo nitashinda, nichukue medali yangu, nirudi nyumbani kama watu. Binti alituma salamu kwa mabaharia wa kwetu, nami nikajibu kwa mabaharia hao hao kwamba nakaribia.

Nilimtumia mama picha moja. Ilikuwa ndiyo picha nzuri kuliko zote, sura yangu inaonekana vizuri chini ya kwapa la Mreno mmoja mnene. Nilipopiga simu dukani kwa jirani, mama akaitwa, akaja akihema.

"Mwanangu, huyo aliyekulalia ni nani?"

"Rafiki yangu, mama."

"Na hao waliosimama nyuma wanacheka, kwa nini hakuna anayewaamua?"

Nikamweleza kwamba ni mchezo. Akasema ile picha kaiweka chini ya godoro mpaka nitakapotuma nyingine. Halafu akaniambia la maana. Yule binti baba yake amefariki, sasa yuko chini ya ami yake. Na kuna mwanamume wa Mbagala, mwenye duka la saruji na mabati, kapeleka posa. Ami kamwambia atampa jibu baada ya Idi. "Kama unamtaka, rudi," mama akasema. "Kama humtaki, niambie nikamwambie mtoto wa watu asijichakaze." Nilirudi na begi moja, ndani yake koti jeupe. Mama alilifua akalianika kambani, na mtaa mzima ukajua nimesomea kuoka mikate.

Mjomba wangu ndiye aliyenisindikiza kwa ami. Ami alikuwa mzee mkubwa wa mwili, kakaa barazani kajifunga kikoi, na nilivyompa shikamoo aliniitikia marahaba huku ananitazama mabega. Nilikuwa nimesahau kwamba enzi zake, kuanzia Mtoni mpaka Tandika, hakuna aliyekuwa akimwangusha mieleka. Mjomba akaeleza shida yetu kwa maneno mazuri. Ami akasikiliza, akauliza:

"Miaka yote hiyo kijana kaenda kusomea nini?"

Mjomba hajui kusema uongo, na ukweli wenyewe hakuuelewa. "Kupigana," akajibu.

Ami macho yakamng'aa. "Basi vizuri," akasema. "Yule wa Mbagala nimeliona duka lake. Huyu naye tuione kazi yake. Idi pili, alasiri, pale kiwanjani nyuma ya mashine ya kusaga. Atashikana na mwanangu."

Aliposema mwanangu alimaanisha kaka wa binti, aliyekuwa akibeba magunia ya vitunguu Kariakoo. Nilimjua tangu utotoni, mtu mpole, shingo haina mwisho. Akaja kunisalimia akicheka, "Shemeji, usiniue bwana." Tulitaniana pale tukaagana vizuri. Usingizi ulinipaa siku zile. Sikumwogopa yeye. Nilikuwa naogopa kwamba mara moja maishani ilikuwa lazima nishinde, na sikuwa na mazoea.

Idi pili kiwanja kilijaa. Wanaume upande huu na kanzu zao mpya, wanawake upande ule na khanga zao, na vijana wa vibanda vya video wamekaa mbele kabisa wakingoja niruke hewani nipige mateke. Nikatokea na lile koti. Mmoja akauliza mikate iko wapi. Binti alikuwa amesimama karibu na mama yangu, kapaka wanja, kakaza uso kama anayesubiri majibu ya mtihani wa mwingine. Ami ndiye mwamuzi, kashika filimbi.

Filimbi ikalia. Nikamshika shemeji kola ya shati, nikakanyaga nyonga yake, nikakaa chini mwenyewe, nikalala chali nikamvutia juu yangu. Ndivyo nilivyofundishwa. Kazi yangu yote iko chini. Juu mie si mtu tena. Miaka yote ile, miji yote ile, nilikuwa nikianza hivyo, ikawa haipiti akilini kwamba kuna namna nyingine ya kuanza.

Kiwanja kikalipuka kwa kicheko. Ati hajaguswa, kaanguka mwenyewe! Ami akapiga filimbi ndefu ya kumaliza. Shemeji naye, mtu mwema, akalegeza mwili wote, akaninyooshea mkono ili aninyanyue.

Nikauchukua ule mkono. Sikuwa nafikiri, mkono ukiletwa mbele yangu namna ile huwa nauchukua. Nikauzungushia miguu, nikaukunja kiwiko. Shemeji akapiga ukelele niachie. Mie nasikiliza mkeka upigwe. Nani atapiga mkeka Temeke, na mkeka wenyewe haupo? Mpaka ninatambua, kiwiko kilishalia.

Kicheko kikakatika. Wanaume wakaingia kiwanjani wakanitoa kwa kunibeba. Nilisikia nikiitwa mwoga, nikaitwa mtu wa kuvizia, na mzee mmoja akasema hata wezi wa Manzese wana adabu. Mtu kakushinda, filimbi imelia, kakunyooshea mkono akunyanyue, wewe unamvunja. Mama alijifunika uso kwa khanga. Shemeji walimfunga mkono kwa leso shingoni. Kiwiko kilikuwa kimeteguka, hakikuvunjika, na yeye mwenyewe ndiye pekee aliyekuwa akisema mwacheni, hakujua.

Ami hakupandisha sauti. Akaletewa kiti, akakaa katikati ya kiwanja, akanisimamisha mbele yake.

"Umeangushwa," akasema. "Tena umejiangusha. Mie sina ugomvi na hilo, wanaume wengi wazuri nimewaangusha mie mwenyewe hapahapa. Sema kwa sauti, watu wasikie, kwamba umeangushwa. Mtake radhi shemejio. Kisha Ijumaa njoo na wazee wako tufunge ndoa. Usiposema, wa Mbagala nitampa jibu lake leo."

Alikuwa ananipa mke. Mbele ya kiwanja kizima, kwa neno moja. Mtu mwenye akili angesema hata kabla mzee hajamaliza. Mie nikafungua mdomo nikaanza kumweleza sheria. Wallahi. Nilimweleza kwamba kwa wenzetu kulala chali ni mbinu, kwamba ukimkunja mtu mkono akalalamika umeshinda, na kwamba kwa hesabu za Brazili mshindi ni mie. Ami akaniachia mpaka nikamaliza. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto, akauliza, "Hapa Brazili?"

Watu wakacheka tena, na kicheko hicho kilinichoma kuliko cha kwanza. Nilikuwa na hasira ya kutaka kulia. Ndiyo mara ya kwanza tangu niondoke Temeke nimeshinda kitu, kimoja tu, na hao ndio watu niliotaka wanione.

Binti akatoka upande wa wanawake. Mama alimvuta khanga, akajinasua. Akampa ami yake heshima zake, kisha akanigeukia, na hakuwa na sura ya mapenzi hata kidogo.

"Huko ulikokuwa, walikuwa wanakushinda?"

"Walikuwa wananishinda," nikasema.

"Mara nyingi?"

"Karibu kila siku."

"Na ulikuwa unakubali?"

"Unapiga mkeka, wanakuachia."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Wale walikuwa nani wako?" akauliza. Hakungoja nijibu, akarudi kusimama na mama.

Hawakuwa watu wangu. Ndiyo maana ilikuwa rahisi. Wareno wale na Wabrazili wale niliwapigia mkeka mpaka kiganja kikaota sugu, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyenijua nikiwa na kamasi. Nikatazama ule upande wa wanaume. Muuza mkaa wetu yupo, mwalimu wangu wa madrasa yupo, na wale niliowaangusha utotoni wapo, sasa wana vitambi na watoto. Nikasema, "Nimeangushwa." Ami akaweka kiganja sikioni. Nikasema tena, kwa sauti ya mwadhini, mpaka wa mashine ya kusaga wakachungulia. Nikamwendea shemeji nikamtaka radhi, naye akanikumbatia kwa ule mkono mzima, akanibana mbavu kweli kweli.

Watu walishangilia utadhani nimeleta kombe. Ami alicheka mpaka machozi, akawa anamwambia kila anayepita, huyu mkwe wangu, kaizunguka dunia nzima kujifunza kuanguka. Nilijua nitaisikia kauli hiyo mpaka mmoja wetu azikwe, na niliisikia.

Watu walipopungua, mama akatuachia nafasi, akasimama hatua chache kando akijifanya anakunja khanga. Binti akaniuliza kwa sauti ndogo nimeleta medali gani, maana mabaharia walimwambia nakaribia kuchukua.

"Sijachukua yoyote."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Sasa siku zote hizo ulikuwa unakaa huko unangoja nini?"

Nikamwambia nilikuwa nangoja nishinde kwanza, nisirudi kwake mikono mitupu. Nilidhani ni jibu zuri. Nililibeba kutoka Durban, nimelipanga vizuri.

Akaangalia kiwanja, mahali nilipokuwa nimelala. "Nimekataa wanaume watatu," akasema. "Dada zangu wana watoto wanasoma. Ungekuja mikono mitupu mwaka ule ule, ningekupokea kwa furaha." Kisha akaanza kulia, siku ya Idi, mbele ya mama yangu, wanja wote ukamshuka mashavuni.